Pajama Ndani ya Mtutu

Jikoni kwa Oma Slone, mumewe Verlin aliruhusiwa mambo mengi. Aliweza kukaanga samaki na kurusha mafuta hadi dirishani, kusikiliza mpira kwenye redio mpaka vijiko vikatetemeka kabatini, hata kuvua viatu vyenye matope chini ya meza na kuvisahau hapo. Jambo moja tu lilikatazwa: kusafisha bastola mezani.

Sababu ilikuwa friji. Zamani, wakiwa bado wapya katika ndoa na wapya katika nyumba yao ya bonde la Sorrel, huko milimani Kentucky, Verlin alichomoa magazini, kile kisanduku cha risasi cha bastola yake, na kuiweka kando, akajiambia silaha sasa ni tupu. Hakufungua kutazama chemba, pale nyuma ya mtutu ambapo risasi hukaa tayari kupigwa. Akaelekeza mdomo wa bastola upande ambao hakukuwa na mtu, akabonyeza kifyatulio ili springi ilegee kabla ya kuifungua, na risasi iliyokuwa imejificha chembani ikatoka na mlio uliowaondoa njiwa wote paani. Ikatoboa mlango wa friji, ikatoboa bakuli la saladi ya viazi iliyoandaliwa kwa ajili ya karamu ya kanisa, ikaishia ndani ya kuku aliyekwishachinjwa siku iliyotangulia.

Oma alikuwa uani akianika shuka. Aliingia mbio, vibanio vya nguo bado viko mdomoni, akamkuta mumewe mzima wa afya amesimama mbele ya friji inayochuruzika mayonezi. Alimkagua toka utosini hadi miguuni, na alipoona hakuna damu, akatema vibanio.

"Friji imekukosea nini?" aliuliza.

Tangu hapo ikawekwa sheria. Risasi zote zipelekwe chumba kingine kwanza. Bastola ifunguliwe, chemba itazamwe kwa macho, kisha iguswe kwa kidole kidogo, maana macho nayo hudanganya. Na kazi yenyewe ifanyike verandani, penye hewa, mbali na mkate. Oma hakuwa mtu wa bunduki, lakini alikuwa mtu wa jiko, na kila Verlin alipotoka na kopo lake la vifaa, mkewe alimfuata akijifuta mikono kwenye aproni, akachungulia chemba yeye mwenyewe, ndipo akarudi kwenye sufuria zake.

Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watoto kutoka ng'ambo ya uwanja. Umri wake wote wa kazi alipika katika shule ya msingi ya bonde lile, na mpaka leo watu wazima wenye ndevu humwamkia dukani kwa woga kidogo, kana kwamba atawauliza kwa nini hawakumaliza maharage. Utotoni, baba yake alimfundisha kupiga panya ghalani kwa bunduki ndogo, na inasemekana panya wa ghala lile walihama. Alipoolewa aliacha. Nyumba ilikuwa na mpigaji mmoja, alisema, na kelele zake zilitosha.

Mambo yalibadilika msimu wa majani kupukutika, Verlin alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilifunikwa kikombe cha plastiki kilichobandikwa kwa utepe wa gundi. La kushoto lilikuwa linasubiri zamu yake, na lilichoona ni ukungu. Daktari alimkataza kuinama, kunyanyua kitu kizito, na kukaa karibu na dawa zenye harufu kali. Verlin alikubali yote hayo kwa utulivu hadi alipokumbuka shindano la hamu.

Kila mwaka wazima moto wa kujitolea wa bonde hufanya shindano la kulenga shabaha uwanjani kwao, na zawadi ni paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi na moshi, na ndiyo hiyo hamu. Verlin hushindana hasa na mtu mmoja, dada yake mkubwa Rilda, mjane mwembamba kama ufito, mwenye ulimi wa kunyoa ndevu bila maji. Na kila mwaka Rilda humshinda.

Rilda alikuja kumjulia hali mgonjwa akiwa na keki ya tufaha. Akajimiminia kahawa bila kukaribishwa, akaketi.

"Pole sana, kaka," alisema. "Basi mwaka huu hamu itakuja kwangu kwa miguu yake yenyewe."

"Mwaka jana ulisaidiwa na upepo," Verlin akajibu. "Risasi zangu zote zilisukumwa kushoto. Watu waliona."

"Upepo! Upepo gani huo unaokuchukia wewe peke yako? Sisi wengine tulisimama wapi, ndani ya chupa? Kila mwaka zako zinakwenda kushoto. Huo si upepo, kaka, huo ni uzee."

Oma alikuwa anakausha vyombo, akicheka kimya kimya. Hapo Rilda akafanya kosa la kumgeukia yeye.

"Na wewe, wifi yangu, usihuzunike. Nyumba hii ilikuwa na nusu mpigaji, sasa hata hiyo nusu haipo. Wewe tuletee mkate wa mahindi tu. Hiyo ndiyo shabaha yako."

Kitambaa kikasimama katikati ya sahani.

"Mkate nitaleta," Oma alisema polepole. "Na bastola nitaleta."

"Wewe?"

"Mimi."

Rilda alicheka hadi keki ikamkwama kooni, ikabidi apigwe mgongoni. "Utatupiga na nini, wifi, na mwiko?" aliuliza alipopata pumzi, akaondoka na kicheko chake hadi kwenye gari.

Verlin aligeuza lile jicho lake la ukungu kumtafuta mkewe. "Mke wangu, ulikuwa unatania?"

"Nilikuwa nimekasirika. Sasa hasira imepungua, lakini neno limeshatoka."

Kesho yake asubuhi waliitoa bastola ya shabaha ya Verlin kwenye sanduku lake, na Oma alipoinusa tu akajua. Haikuwa imesafishwa tangu joto la kiangazi. Verlin akasema alikuwa yu njiani kuisafisha. Oma akasema njia hiyo ndefu sana.

Alizipeleka risasi chumbani na kufunga mlango. Alifungua bastola, akatazama, akatia kidole, akamwita Verlin naye atie chake. Kisha akatandaza magazeti juu ya meza ya verandani, akavaa glavu zake za njano za kuoshea vyombo. Verlin alikuwa ameketishwa mbali, upande upepo unakotokea, kwenye kiti cha kubembea, blanketi mapajani.

"Glavu za nini?" alicheka. "Unaosha masufuria?"

"Weusi huu una sumu. Wewe ulikuwa unatoka hapa na kwenda moja kwa moja kwenye biskuti. Ndiyo maana akili yako iko hivyo."

Bastola ile ilikuwa ya aina ambayo mtutu huchomoka mzima kwa kubonyeza kitufe. Oma aliuchomoa, akauinua kwenye mwanga, akachungulia. Ndani palikuwa peusi kama bomba la jiko la kuni.

"Sasa chukua fimbo ya chuma," Verlin aliamuru kwa sauti ya jenerali. "Iingize kwa mbele, mdomoni."

"Kwa nini mbele, na huku nyuma pako wazi?"

"Mbele ni haraka. Nimefanya hivyo tangu ujana wangu."

Oma hakuridhika, lakini mwenye bastola alikuwa Verlin. Akaingiza kwa mbele. Fimbo ikakwaruza ukingo wa mdomo kwa sauti iliyomtia ganzi ya meno, kama uma kwenye sahani ya bati. Alipaka dawa ya kulegeza masizi, akapitisha brashi ya shaba, akangoja kidogo. Halafu ikafika zamu ya vitambaa, na mfuko wa vitambaa ulikuwa mtupu.

"Kata nguo yoyote kuukuu," Verlin alisema.

"Saizi gani?"

"Ya kutosha."

Oma aliingia ndani, akarudi na kipande cha flaneli laini. Alikata cha kutosha, na kwa kuwa alizoea kusugua vyungu vya watoto mia, akakikunja mara mbili kishike uchafu vizuri. Akakisukuma kwa ncha ya fimbo. Kikaingia kwa shida. Akasukuma tena, sasa kwa uzito wa mwili wake wote, nao haukuwa uzito mdogo. Kikafika katikati ya mtutu, kikakaa.

Hakikwenda mbele. Hakikurudi nyuma. Fimbo nayo ilikuwa imeng'ang'ania humo humo.

"Vipi huko?" Verlin aliuliza.

"Kuko kimya," Oma alijibu.

Verlin alipoelewa kilichotokea, alitoa mashauri mfululizo. Nyundo. Maji ya moto. Wewe shika huku, mimi nivute huku.

"Wewe daktari kakukataza hata gudulia la maziwa," Oma akasema. "Kaa."

"Wapo watu husema ukipiga risasi moja nyuma yake, kinatoka chenyewe."

Oma aliacha kuvuta. Akamtazama mumewe kwa muda mrefu, hata yeye na jicho lake la ukungu akauhisi mtazamo ule.

"Nimesema wapo watu," Verlin alijitetea. "Sikusema mimi."

"Hao watu bado wana mikono?"

Mkono wa Verlin ukagusa kipande cha flaneli kilichobaki, kilichokuwa kimepeperushwa hadi blanketini. Akakipapasa. Akakisogeza karibu na pua.

"Oma. Nguo hii naijua. Hii ni pajama yangu!"

"Ilikuwa na tundu."

"Lilikuwa tundu la kupitisha mkono!"

Alitaka kuendelea kulalamika, lakini mkewe alikuwa ameshaanza kucheka, na Oma akicheka hakuna anayebaki nje. Walicheka wote wawili mpaka Verlin akashika kikombe cha jicho kisidondoke. Kisha Oma akafunga mtutu kwenye taulo, fimbo ikiwa imechomoza kwa mbele, akamsaidia mumewe kuingia kwenye pikapu, akaendesha hadi kwa Delbert Combs.

Delbert alikuwa fundi bunduki, na karakana yake ilikuwa banda la kuku la zamani nyuma ya nyumba yake, lenye harufu ya mafuta na kahawa iliyochemshwa kupita kiasi. Alikuwa anakula mkate wenye nyanya alipowaona wakiingia. Oma akafunua taulo.

"Mmeniletea mshikaki?" Delbert aliuliza.

Hakuwa na haraka. Alidondosha mafuta mepesi pande zote mbili, akawamiminia kahawa ile mbaya, wakakaa kuzungumza habari za mvua na za mchungaji mpya mpaka mafuta yakapenya. Ndipo akaubana mtutu kwenye jiriwa, huku na huku amewekea ngozi usichubuke, akaingiza kwa nyuma fimbo ya shaba iliyoutosha mtutu vizuri bila kubana, akagonga taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Fimbo ya chuma ikaanza kurudi mbele kidogo kidogo. Mwisho ikaanguka, na kitambaa kikafuata.

Delbert alikikunjua juu ya meza. Chini ya weusi kulikuwa na bata wadogo wa manjano.

"Verlin," alisema, "wewe unalala na bata?"

"Zilikuwa zawadi," Verlin akasema.

"Mimi ndiye nilimnunulia," Oma alisema. "Anapendeza nazo."

Delbert alicheka mpaka akakaa. Alipomaliza alivaa miwani yake ya kukuza, akachungulia mdomo wa mtutu, na kicheko kikamkatika. Akageuza mtutu kwenye taa. Akageuza tena.

"Nani husafisha hii kwa mbele?"

Verlin aligeuza uso kutazama dirishani, ingawa haoni dirisha.

"Tazama, Oma." Delbert alimpa miwani. "Huu ukingo wa mdomo ndio kitu cha mwisho risasi inakigusa kabla ya kutoka. Fimbo ya chuma ikiukwaruza miaka nenda miaka rudi, unalika upande mmoja. Hewa ya moto inawahi kutokea upande huo, inaipiga kikumbo risasi. Unaweza kulenga kama malaika, risasi bado itakwenda inakotaka."

"Inaweza kwenda kushoto?" Oma aliuliza kwa upole mkubwa.

"Inaweza. Kwani hii inakwenda wapi?"

Kisha Oma akasema neno moja tu, "Upepo!" akaishika meza kwa mikono yote miwili, machozi yakamtiririka. Verlin alijikaza. Alijikaza sana. Lakini bega lake likaanza kutikisika, naye akaingia kwenye kicheko, akisema, "Msimwambie Rilda. Nawaombeni. Msimwambie Rilda."

Delbert alikuwa na kifaa cha kuchonga ukingo upya, akafanya kazi hiyo hapo hapo, akizungumza bila kuinua kichwa. Alimwambia Oma asafishe kwa nyuma daima, kwa kuwa mtutu wenyewe unachomoka na hakuna kisingizio. Kitambaa kiwe cha kupita kwa kubembelezwa. Ukiona unatumia mabega, umekosea. Brashi isigeuzwe katikati ya njia, ivuke yote itoke upande wa pili. Verlin aliuliza kuhusu kuacha dawa ndani usiku kucha, na Delbert akamwambia asome chupa, kwa sababu dawa nyingine zikizidishiwa muda zinakula na chuma chenyewe.

"Na mafuta?" Oma aliuliza. "Yeye hutia hadi yachuruzike."

"Ni bastola, si samaki. Kiasi cha kung'aa tu. Na kabla ya kupiga, pitisha kitambaa kikavu."

"Nimesikia wapo wanaouosha mtutu kwenye mashine ya vyombo."

"Wapo."

"Kwenye nyumba za nani?"

"Nyumba ambazo mimi sili," Delbert alisema.

Waliondoka na mfuko wa vitambaa vya saizi sawa na fimbo mpya iliyovikwa plastiki. Jioni ile ile Oma alirudia kazi yote toka mwanzo verandani, bila jenerali. Aliposhika mtutu kwenye mwanga, mistari iliyochongwa ndani ikajizungusha mbele ya jicho lake, safi, ikimetameta kama sukari iliyoyeyuka. Alikumbuka baba yake akimpa bunduki ya ghalani achungulie, akimwambia, "Unaona njia?" Alikuwa hajamfikiria hivyo kwa muda mrefu. Akaita, "Verlin, njoo uone," kisha akakumbuka kuwa haoni, akacheka peke yake.

Siku ya shindano uwanja wa wazima moto ulijaa pikapu, moshi wa nyama na watoto wenye pipi. Oma alifika na mkate wa mahindi mkono mmoja na sanduku la bastola mkono wa pili. Watu waliolishwa naye shuleni walipiga makofi kabla hata hajafanya lolote. Rilda, na bastola yake ya silinda kiunoni, alikata kipande cha mkate.

"Mtamu," alisema. "Ungeishia hapa, wifi."

Walipoitwa kwenye mstari, Verlin alimsogelea mkewe sikioni. "Lenga kulia kidogo," alinong'ona.

Oma alivuta pumzi, akalenga kulia kidogo, akapiga raundi yake ya kwanza. Karatasi ya shabaha ilipoletwa, matundu yote yalikuwa pamoja, mazuri, yamekumbatiana kama vifaranga, na yote yalikuwa kulia.

"Verlin!"

"Samahani, mke wangu. Ni mazoea."

"Nenda ukakae na mkate!"

Raundi ya pili alilenga katikati, basi. Mikono ilitulia yenyewe. Hakuusikia umati wala moshi haukumkera. Alijiona ghalani, miguu peku kwenye mahindi, akingoja. Karatasi iliporudi, katikati hapakuwa na katikati tena, kulikuwa na tundu moja pana. Mkuu wa wazima moto aliisoma, akaisoma tena, akasema "Mama Oma!" kwenye kipaza sauti kwa sauti ya mtoto wa darasa la pili. Rilda aliacha kutafuna.

Raundi ya mwisho Oma alimpita Rilda waziwazi. Lakini hesabu ni hesabu, na ile raundi ya kwanza ya kulia ilikuwa imekwishakula alama zake. Rilda akachukua hamu kwa tofauti nyembamba kama yeye mwenyewe. Aliipakata kama mtoto mchanga, akaja nayo mpaka alipo Oma.

"Nani alikufundisha vile?" aliuliza, na safari hii hakukuwa na mzaha ndani yake.

"Panya," alisema Oma.

Rilda alisimama kidogo, akihamisha uzito wa hamu bega hadi bega. "Njooni Jumapili tuile. Ila uje mapema, wifi. Mimi nikipika hii itageuka soli ya kiatu, wewe wajua."

Jumapili Oma aliichemsha, akaioka kwa sukari guru na karafuu, wakala mpaka Verlin akafungua mkanda. Baada ya kahawa, Rilda alizungukazunguka jikoni kwake bila sababu, akafungua droo, akaifunga. Mwisho akasema bastola yake imeanza kuwa nzito kugeuza silinda, labda Oma aitupie jicho, si lazima. Waliipeleka uani, wakaifungua, wakahakikisha ni tupu. Oma akaingiza kitambaa kwenye tundu la silinda kwa fimbo nyembamba ya shaba na kukitoa. Kilikuwa na utando mweupe, mzito, unaonata, wenye harufu anayoifahamu vizuri.

Alikinusa mara ya pili kwa uhakika.

"Rilda, unapaka nini humu?"

"Mafuta."

"Mafuta gani?"

Rilda alitazama mabanda ya majirani. "Ya nguruwe. Mama alipaka kila kitu mafuta ya nguruwe. Bawaba, viatu, sisi wenyewe."

Ndani ya nyumba Verlin alisikia mlipuko wa vicheko viwili kwa pamoja, kimoja kinene na kingine chembamba, akapapasa ukuta kuja mlangoni.

"Kuna nini?" aliuliza. "Jamani, niambieni na mimi, kuna nini?"

"Kaka, rudi ukae," Rilda alimwambia, akikunja mikono ya gauni. "Wifi, nipe hicho kitambaa. Nionyeshe. Unaanzia wapi?"